Sauti ya Bibi Iliyokuwa Imefungika Ndani ya Faili

Mjomba alipofariki, mkewe alinikabidhi kadi ya kumbukumbu iliyotoka katika simu yake ya zamani ya vitufe, akaniambia, “Mwanangu, humu mna sauti ya bibi yako akisimulia habari za ukoo. Itafute.” Bibi alikuwa ametutoka zamani, na hakuna mwingine aliyebaki Muheza mwenye kuijua nasaba yetu kama yeye. Katika kadi ile nilikuta faili 14. Kumi ziliishia na .amr, nne hazikuwa na kiendelezi chochote, na kila nilipobofya mojawapo kompyuta iliniuliza nitumie programu gani.

Kwanza nilinakili zote kwenye folda nyingine, kwa kuwa kadi kuukuu huweza kufa wakati wowote, na tangu hapo sikuzigusa tena zile za asili. Ndugu yangu alinishauri nizipandishe kwenye tovuti ya kubadilishia faili. Nilikataa, maana sauti ya marehemu na majina ya watu wa nyumbani si vitu vya kumkabidhi mtu nisiyemjua.

Zile kumi hazikunisumbua sana. AMR ni muundo uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na aina yake ya kawaida huipima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, ilhali CD ya muziki huipima mara 44,100; ndiyo maana maneno husikika vizuri lakini ngoma hukwaruza. Programu ya VLC, ambayo hupatikana bure, ilizicheza zote. Zilikuwa nyimbo za harusi na salamu za mjomba kwa wanawe, lakini bibi hakuwamo.

Zilibaki zile nne. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kiendelezi ni lebo tu iliyobandikwa nje, ambayo huweza kufutika au hata kudanganya, na kwamba aina nyingi za faili hubeba alama yake ndani, mwanzoni kabisa. Nilizifungua nakala moja moja kwa Notepad, programu ya Windows ya kuandikia maandishi matupu, nikasoma mstari wa kwanza, kisha nikafunga bila kuhifadhi, kwa sababu kuhifadhi humo kunaweza kuiharibu faili. Ya kwanza ilianza na MZ, alama ya programu za Windows. Kwa kuwa simu ya vitufe haina haja ya programu ya namna hiyo, niliihesabu kuwa kirusi nikaifuta. Ya pili ilikuwa na neno Exif, ambalo huwamo katika picha za kamera, karibu na mwanzo, nami nilipoiongezea .jpg ikatokea picha ya shamba la michungwa. Ya tatu ilianza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyebuni muundo wa ZIP, na nilipoifungua kama ZIP nikaona ndani yake folda iitwayo word. Hati za Word za tangu toleo la 2007 ni ZIP kwa umbile, basi nikaiita .docx, ikafunguka: orodha ya michango ya msiba.

Katika ile ya nne, juu ya mrundo wa herufi zisizosomeka, palikuwa na alama tano zilizo wazi kabisa: #!AMR. Nikaiongezea kiendelezi, nikaicheza. Jogoo aliwika, mjomba akakohoa, kisha bibi akauliza, “Nianzie kwa nani, kwa baba yangu au kwa babu?”