Iljimae, milango ya karatasi na mzee wangu wa funguo

Jumamosi nimetoka karakana Kizota nimechoka hatari, macho yanawasha maana nilichomelea geti nzima bila miwani (najua, msinianze), nafika geto nakuta dogo wa chumba cha pili kaniachia flash juu ya meza. Kesho yake ndo ananiambia, bro ile season ya zamani uliyokuwa unatusimulia siku umeme umekatika nimekupatia, yote. Nachomeka kwenye tivii, Iljimae! Ile ya Lee Joon-gi ya mwaka 2008, episodi 20. Asee nilisahau kabisa kama macho yanauma.

Kwa wasioijua niwape kwa kifupi. Ni Korea ya zamani, enzi za Joseon, kuna mtoto wa mkubwa mmoja anaitwa Geom, baba yake anauawa yeye kajificha kabatini anaona kila kitu, afu mambo yanamchanganya mpaka anapoteza kumbukumbu, analelewa na masikini mmoja huko mtaani wanamwita Yong. Anakua mhuni mhuni hivi, anapenda utani, anapigwa na kila mtu. Kumbukumbu zikirudi ndo kazi inaanza, mchana ni Yong yule yule wa kuchekwa, usiku anavaa nguo nyeusi na barakoa unamwona macho tu, anaingia kwa wakubwa kutafuta upanga wenye alama fulani aliyoiona siku ile baba yake anauawa. Anaiba vya kwao na kila alipopita anaacha picha ya tawi la maua. Jina lenyewe ndo hilo, il ni moja, ji ni tawi, mae ni plamu, yaani tawi moja la plamu. Sio plamu kama tunda ukafikiria yale ya Lushoto, ni maua yake, kule kwao yanachanua baridi bado ipo na majani hayajatoka. Sisi Dodoma ukitaka kuelewa angalia mkrismasi, nchi imekauka mbuzi wanatafuta majani hawayaoni, wenyewe unawaka mwekundu kama hauko hapa.

Mara ya kwanza niliiona 2011, niko form two, kwenye kibanda umiza pale Chang'ombe. Mia mbili unaingia, benchi la mbao, madirisha yamezibwa na magunia ili mwanga usiingie, joto la kufa mtu na vumbi la mwezi wa nane linapita chini ya mlango. Na ilikuwa imetafsiriwa na DJ. Waliokulia vibanda umiza wanajua, DJ hatafsiri, DJ anapika upya. Wakorea wakiongea sentensi moja yeye anaweka tatu na salamu za washkaji zake juu. Mfalme kwetu aliongea kama mjumbe wa nyumba kumi mwenye hasira, na yule mzee masikini anayemlea Yong, Soe-dol, tulipewa kama mzee wa vituko, kila akitokea tu DJ anacheka kabla yake, na sisi tunacheka.

Tukitoka pale kila mtu Iljimae. Khanga za mama zetu ndo barakoa. Mi niliruka ukuta wa jirani nikatua kwenye minyaa, utomvu ukaniingia jichoni, nililia siku mbili na fimbo juu. Mwenzangu mmoja alijaribu kutembea juu ya bati saa tatu usiku kama Iljimae anavyotembea kwenye vigae, wee, mtaa mzima uliamka wakijua mwizi. Ndo nilipogundua kwamba yule jamaa asingeweza kufanya kazi Chang'ombe hata wiki, bati lingemchoma. Vigae vya Korea vile vya udongo vilivyopindapinda labda vinakaa kimya, sijui, ila bati haliwezi kutunza siri.

Sasa hii safari naangalia haina DJ. Sauti yao wenyewe, maandishi ya Kiingereza chini, nasoma nasimamisha narudisha. Na kumbe kuna sehemu nyingi hawaongei kabisa! Zile DJ alizokuwa anazijaza salamu, kumbe zilikuwa kimya. Soe-dol kakaa tu anamwangalia mtoto kalala. Dakika nzima hamna neno. Mi miaka yote hiyo nilijua pale kuna kichekesho.

Na kingine, sa hivi naangalia kama fundi. Kazi yangu mageti, grili, milango ya chuma, na Dodoma tangu serikali ihamie huku kila mtu anajenga, Iyumbu, Ilazo, Nkuhungu, na mtu akijenga cha kwanza anauliza grili bei gani hata dirisha la choo anaweka nondo. Afu naangalia majumba ya wale wakubwa wa Joseon, wenye dhahabu masandukuni na watumwa kibao, milango yao ni fremu ya mbao imebandikwa KARATASI. Karatasi jamani. Unalowesha kidole unatoboa unachungulia, na kwenye season wanafanya hivyo kila saa. Nikabaki najiuliza hawa watu walikuwa wanalalaje usiku, maana hapo mi ningepata tenda ya mwaka mzima. Ulinzi wao ulikuwa ukuta wa nje, walinzi, na zaidi ya yote lile woga la mtu wa chini kumwogopa mkubwa, anayepita njiani mkubwa akipita anainama. Iljimae anachovunja kwanza ni hicho, kufuli inafuata baadae.

Na mwenye woga kuliko wote ni mfalme. Season inamweka mfalme Injo, na huyu ni mtu kweli wa historia. Alipata kiti mwaka 1623 kwa kumpindua Gwanghaegun, baba yake mkubwa kabisa. Miaka inapita, Wamanchu wa Qing, dola ya huko kaskazini mwao, wakavamia mwishoni mwa 1636, mfalme akakimbilia ngome ya mlimani Namhansanseong, baridi na njaa vikawamaliza, mwaka 1637 akashuka hadi Samjeondo akampigia magoti mfalme wa Qing, magoti mara tatu na kila goti kichwa chini mara tatu. Hiyo sio ya season, hiyo ilitokea. Sasa mtu aliyeingia ikulu kwa mlango wa nyuma unategemea atalala? Kila ndugu anamwona mwizi. Mzee wangu huwa anasema mteja anayenunua kufuli nne za mlango mmoja muulize yeye mwenyewe anaingiaga vipi kwa watu.

Ee, mzee wangu. Hapa ndo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Mzee anachonga funguo. Ana meza yake, jiliwa moja, matupa ya kila saizi, na ubao umejaa funguo zisizo na wenyewe. Hana mashine, anachonga kwa mkono anatazama kwa jicho. Ukimletea kufuli imegoma anaiweka sikioni kama simu. Alimuoa mama mi nikiwa na miaka minne, yeye ni Mgogo wa Bahi na baba yangu mzazi alikuwa wa kwingine kabisa, nyumbani kwetu hayo hayajawahi kuongelewa. Sio siri ila hayaongelewi. Mi namwita baba, watu wa sokoni wanasema unafanana na mzee wako, tunaitikia wote tunaendelea.

Na Soe-dol ni nani? Ni fundi wa kufuli! Zamani alikuwa mwizi wa kufungua makufuli ya watu, akaacha, anamlea mtoto ambaye sio wake kama vile alimzaa. Mi hili 2011 sikuliona kabisa maana DJ alikuwa anacheka.

Basi Jumapili nikabeba flash nikaenda Chang'ombe. Nikamkuta mzee kaoga kakaa nje. "Mbukwa baba, njoo uangalie fundi mwenzio." Akaja kwa kusuasua, yeye mambo ya Wakorea anasema wote sura moja atajuaje nani kamuua nani. Mama akaleta ugali na mlenda tukawa tunakula tunaangalia. Ikafika sehemu wanafungua kufuli, mzee akasogeza kigoda mpaka mbele ya tivii.

"Huyo hajawahi kushika tupa," akasema. "Angalia kidole gumba hicho, laini."

"Ni muigizaji baba."

"Muigizaji si angeulizia kwa mafundi."

Ila kufuli yenyewe ikamkamata. Ikabidi nimtafutie picha kwenye simu, na nikakuta kitu kizuri ambacho nimekisimulia karakana nzima wiki hii, makufuli ya Joseon mengi yalitengenezwa umbo la samaki. Sababu ni kwamba samaki hafungi macho. Akilala yuko macho, kwa hiyo kabati lako linalindwa usiku na mchana. Mzee hakujali sana habari ya samaki, yeye alitaka kuona ndani. Nikampata picha ya iliyofunguliwa akaikuza kwa vidole viwili, akakaa nayo kimya, afu akaanza kunieleza kama vile ndo mteja kaileta asubuhi. Hii haina pini, funguo yake haizungushwi. Ndani kuna masikio ya bati ya spring, ukisukuma komeo ndani yanapita yamebanwa, yakishapita yanatanuka, ndo imefunga hairudi. Funguo unaiingiza kwa upande wa pembeni, inayabana masikio yalale, komeo unalichomoa. "Huyu wa zamani alikuwa na akili," akasema, "ila mi nakufungulia kwa spoku ya baiskeli." Nikamwambia na Soe-dol ndo alichokuwa anafanya. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Na mjue kuna ile nyingine, The Return of Iljimae ya 2009, episodi 24, yule wa pale ni Jung Il-woo, imefuata katuni ya zamani ya Go Woo-yung. Kuna watu karakana wanasema ile ndo kali. Mi sibishani, mapigano ya ile yana heshima yake, ila haina Soe-dol wangu kwa hiyo tuishie hapo. Na kuhusu Shi-hoo, yule anayemsaka Iljimae, vijana wa kibandani tulimzomea kila akitokea, sa hivi namhurumia. Yule naye mwanzo alilelewa na huyo huyo Soe-dol kabla hajachukuliwa na wakubwa. Mtu kabadilishiwa baba kama shati, ungekuwa wewe ungekuwa na sura ya kucheka?

Turudi Jumapili. Tumefika pale Yong keshakumbuka yeye ni nani, anajua baba yake alikuwa mkubwa na aliuawa, na bado jioni anarudi kwenye kibanda kile kile anajifanya mjinga, anadekezwa na Soe-dol, anaomba hela. Mzee alikuwa kaacha kutafuna.

"Huyu mtoto anajua?"

"Anajua nini baba?"

"Kwamba huyu mzee siye."

"Alisahau, ila sa hivi keshakumbuka."

"Na bado anamwita baba?"

"Bado anamwita baba."

Mama akanyanyuka akakusanya vyombo. Mzee hakusema kitu, nami nikajifanya natafuta rimoti, afu pap, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukapiga ile kelele ya aaah. Tukakaa gizani, upepo unapiga bati, namsikia tu anachezea lile kundi lake la funguo mfukoni kama anavyofanyaga.

Kama dakika kumi hivi akauliza, "Hiyo flash ina zote?"

"Zote 20 baba."

"Basi kesho uwahi kufunga karakana."

Jumatatu saa kumi na moja kasoro nilikuwa mlangoni kwao, nakuta kashatoa kigoda chake, na tivii kaipangusa vumbi mwenyewe.