Mtambo wa Kurekodi Televisheni Nyumbani, na Usiku wa Ijumaa wa Mama

Nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, tupo watu sita na runinga ni moja. Mimi hufanya kazi maeneo ya Posta, na jioni nyingi basi la mwendokasi hunishusha kituoni wakati taarifa ya habari ya saa 2 usiku imebakiza michezo na hali ya hewa. Mama yangu, aliyehamia kwetu kutoka Bagamoyo baada ya kuanza kusumbuliwa na goti, hutaka mawaidha na kaswida. Watoto hutaka katuni. Dada anayetusaidia kazi za ndani hafichi kwamba tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili ndiyo inayomaliza siku yake vizuri. Na mke wangu, ambaye ni mwalimu, husema atatazama chochote mradi aachwe akitazame mpaka mwisho.

Nilichotaka kilikuwa mtambo wenye kazi tatu tu: urekodi vipindi tusivyowahi, utunze picha na video za familia mahali pamoja, na uendeshwe na mtu yeyote wa nyumba hii kwa rimoti aliyokwisha kuizoea. Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye kompyuta. Kompyuta ilinichukua siku mbili, lakini suala la saa lilinichukua miezi minne.

Nianze na king'amuzi, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba huenda tayari wana nusu ya mtambo. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB nyuma au ubavuni, na baadhi yake vinaweza kurekodi ukichomeka diski. Cha kwetu kiliweza. Tatizo ni kwamba kilichorekodiwa na king'amuzi mara nyingi huchezwa na king'amuzi hichohicho peke yake. Ukiihamishia diski kwenye kompyuta, unakuta faili ambalo halifunguki. Kwa chaneli za kulipia, ambazo mawimbi yake yamefungwa, njia hiyo ndiyo rahisi na ndiyo ya halali, kwa hiyo mechi za Simba na Yanga bado tunazirekodi kwa king'amuzi na hazimo katika habari hii.

Kwa chaneli zilizobaki nilikwenda Kariakoo kutafuta kipokezi kidogo cha USB, kile kinachoingizwa kwenye kompyuta upande mmoja na waya wa antena upande wa pili. Hapa pana mtego. Teknolojia ya mawimbi ya nchi kavu ina vizazi viwili, DVB-T na DVB-T2, na kipokezi cha kizazi cha kwanza hakisomi kabisa mawimbi ya kizazi cha pili, ijapokuwa kwa sura vinafanana kama mapacha. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba vyote ni vilevile. Nilirudi nacho nyumbani, nikakiwasha, hakikupata hata chaneli moja, na nauli ya kukirudisha ikawa juu yangu. Soma maandishi ya kwenye boksi mwenyewe, na ile 2 uione kwa macho yako.

Jambo la pili la kujua kabla ya kutoa fedha ya diski ni kwamba chaneli kuonekana bila malipo kwenye king'amuzi hakumaanishi kwamba mawimbi yake yako wazi. Nyingine hurushwa zikiwa zimefungwa, na king'amuzi huzifungua kimyakimya bila kukudai kitu, ilhali kipokezi cha USB hakina ufunguo huo. Kwa hiyo chomeka kipokezi kwanza, tafuta chaneli, uone zipi zinacheza. Kwangu zilizocheza zilitosha kwa habari, mawaidha na katuni. Tamthilia ya dada ilibaki kwenye king'amuzi, naye alilipokea hilo kwa ubaridi ambao ulidumu wiki nzima.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba kipokezi kimoja hakina maana ya chaneli moja. Katika matangazo ya dijitali, chaneli kadhaa hupakiwa pamoja kwenye masafa mamoja, kama abiria wa daladala moja, na kipokezi kinapolikamata lile daladala, programu inaweza kuwashusha abiria wote iwatakao kwa wakati mmoja. Programu ninayotumia huitwa Tvheadend, ni ya bure, hukaa kwenye kompyuta ya Linux, na imewahi kunirekodia chaneli tatu kwa pamoja bila kulalamika. Ila chaneli mbili zikiwa kwenye masafa tofauti, hapo hakuna ujanja isipokuwa kununua kipokezi cha pili.

Sasa nije kwenye saa. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 4, kile kibao kidogo kinachotoshea kiganjani, ambacho nilikipenda kwa sababu hakina kelele na hula umeme kidogo mno. Kibao hicho hakina saa ya ndani yenye betri. Kikizimwa, hukumbuka tu saa ya mwisho kiliyoiandika kwenye kumbukumbu yake, kisha kikiwashwa husubiri kuulizia saa sahihi kwenye intaneti. Siku moja umeme ulikatika saa 9 alasiri ukarudi saa 12 jioni, na bando la rauta lilikuwa limekwisha tangu asubuhi. Kibao kiliamka kikiamini kwamba bado ni saa 9, na taarifa ya habari niliyokuwa nimeiagiza ya saa 2 usiku kikaja kuirekodi saa 5 usiku. Faili lilikuwa na jina sahihi na tarehe sahihi, na ndani yake kulikuwa na muziki wa rumba.

Unaweza kununua kisaa kidogo cha betri cha kupachika kwenye kibao, na toleo la Raspberry Pi 5 limekuja na saa yake inayohitaji kuongezewa betri tu. Mimi nilichagua njia ya kimasikini, ambayo sasa naiona kuwa bora zaidi kwa jiji hili: kompyuta mpakato ya zamani ya mke wangu, iliyovunjika kioo lakini betri yake ikiwa bado inatunza chaji kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ina saa ya ndani, na ile betri ndiyo kinga ya umeme kukatika, isiyohitaji kununuliwa. Matumizi yake, nikikisia wati 20 usiku na mchana, ni kama uniti 14 za LUKU kwa mwezi. Nilisahau jambo moja tu: antena yetu ilikuwa na busta, yaani kikuza mawimbi, iliyochomekwa ukutani, kwa hiyo umeme ulipokatika kompyuta iliendelea kurekodi kwa bidii mawimbi ambayo hayakuwepo. Nilibadilisha nikaweka busta inayopata umeme kwenye tundu la USB la kompyuta yenyewe, na tangu hapo giza la nyumba nzima haliharibu kipindi.

Hiyo ilikuwa saa ya mashine. Saa ya watu ilikuwa ngumu zaidi. Mashine husoma kuanzia 00:00 hadi 23:59, na sisi tunahesabu saa 12 za mchana na 12 za usiku. Mwanangu mkubwa, mwenye miaka 11, aliagizwa na bibi yake amrekodie kipindi cha saa 3 usiku, akaandika 03:00 kwa moyo mweupe kabisa, na asubuhi bibi akakuta saa nzima ya marudio ya kipindi cha ufugaji wa kuku. Aliutazama wote, maana hapendi kitu kipotee bure. Nikabandika karatasi kando ya runinga: saa za mchana jumlisha 6, saa 1 hadi saa 5 usiku jumlisha 18, kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri toa 6, na ujue kwamba kwa mashine siku imekwisha kubadilika. Mtoto aliielewa kwa siku moja.

Mama hakuhitaji karatasi, kwa sababu tatizo lake halikuwa hesabu. Jumapili moja aliniambia, "Mwanangu, usisahau kunirekodia mawaidha ya usiku wa Ijumaa, mimi nitakuwa kwenye hitima." Nikaagiza mtambo urekodi Ijumaa, saa 21:00. Alhamisi usiku akarudi kutoka hitimani, akakaa, akaniuliza mawaidha yake yako wapi. Nikamjibu kwa upole kwamba Ijumaa ni kesho. Akanitazama kama mtu aliyemsomesha mwanawe akajuta. Kwa Mama, kama kwa watu wengi wa mwambao waliokua kwa kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao ofisini kwetu sote tunauita Alhamisi usiku. Mimi nimezaliwa Bagamoyo, nimelala nyumba ile kwa miaka 18, na jambo hilo nilikuwa nalijua. Niliposhika rimoti likanitoka. Kesho yake mtambo ulitii amri yangu, ukarekodi tamasha la muziki, ukaliweka kwenye folda lenye jina "Mawaidha ya Bibi". Alilifungua Jumamosi asubuhi. Nilisikia "Astaghfirullah" nikiwa bafuni.

Baada ya hapo niliacha kabisa kuwataka watu waingize saa. Kwa vipindi vya kudumu niliandika mimi mwenyewe maagizo ya kila wiki kwenye Tvheadend, nikayapa majina wanayoyatumia wao, na la Mama nikaliandika "Usiku wa Ijumaa" ingawa ndani yake limewekwa siku ya Alhamisi. Ratiba ya vipindi inayorushwa pamoja na mawimbi siitegemei. Kwa chaneli ninazozipata mara nyingi ni tupu, au inasema jambo moja na kituo kinaonyesha jingine. Badala yake kila agizo linaanza dakika 5 kabla ya wakati na kumalizika dakika 30 baada yake, kwa kuwa vipindi huteleza, hasa hotuba inapoingia katikati. Nafasi inayopotea ni ndogo. Kwa ubora wa kawaida, rekodi zangu huchukua takriban gigabaiti 1 kwa saa moja, na diski ya nje ninayotumia ni ya terabaiti 2.

Sebuleni kile kibao cha Raspberry Pi hakikutupwa. Sasa kinaendesha Kodi tu, programu inayotuchezea kwenye runinga yale yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta mpakato, na kikikosea saa hakuna anayeumia. Uzuri wake ni kwamba runinga nyingi za miaka ya karibuni hupitisha amri za rimoti ndani ya waya wa HDMI, mpango uitwao CEC, ambao kila kampuni imeubatiza jina lake: Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink. Ukishauwasha kwenye mipangilio ya runinga, mishale na kitufe cha kati cha rimoti ileile huendesha Kodi. Niliondoa kwenye skrini ya mwanzo kila kitu kisichohusika, hata hali ya hewa, nikabakiza maneno matatu: Zilizorekodiwa, Moja kwa Moja, Familia. Mke wangu alipoweza kufungua taarifa ya habari ya jana bila kuniita, niliona kazi imefika. Kwa simu na kishikwambi cha watoto ninatumia Jellyfin, programu nyingine ya kutazamia video hizohizo, kwa sababu humpa kila mtu akaunti yake, na akaunti ya watoto nimeifungulia folda mbili tu.

Folda ya Familia ndiyo iliyogeuka kuwa yenye wageni wengi. Tulikuwa na mikanda ya VHS, harusi yangu ikiwemo pamoja na ya dada yangu, iliyokaa kabatini kwa miaka mingi katika unyevu wa jiji hili, na mmoja ulikuwa umeota ukungu mweupe unaoonekana kwa macho. Ule sikuuchomeka, kwa kuwa ukungu huhamia kwenye kichwa cha deki na kuharibu mikanda mingine. Mingine niliipitisha kwenye kifaa cha USB kinachogeuza picha za deki kuwa faili, na hakuna njia ya mkato: mkanda wa dakika 180 huchukua dakika 180, mtu akiwa karibu kuutazama usikwame. Mama alijitolea kuwa mlinzi. Alikaa kando ya deki Jumamosi tatu, akitutajia majina ya watu waliokuwa wakipita nyuma ya maharusi na sahani za pilau, na mke wangu akiyaandika kwenye daftari pamoja na dakika wanayoonekana. Majina hayo sasa yamo kwenye maelezo ya kila video.

Kinachoendelea kutupa mgogoro ni kufuta. Nimeiagiza programu iondoe taarifa za habari baada ya siku 7 na katuni baada ya siku 30, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Mawaidha nilikuwa nimeyapa siku 60. Mama alipogundua, alisema maneno ya Mungu hayana tarehe ya kuharibika, na agizo hilo sasa limewekwa kwenye "daima". Yale ya kuku nayo yamo humo, kwa ombi lake. Anasema ana mpango wa banda.