Kiua cha kahawia shinani mwa tumbawe

Kila akipiga simu kutoka Unguja, mama huniuliza: "Mwanangu, bado unafuga mawe?" Mawe yenyewe ni matumbawe, kwenye tangi la lita 200 sebuleni kwangu, hapa Maskati. Moja nalipenda kuliko yote, ni Euphyllia, lenye minyiri minene yenye ncha kama nyundo.

Mwaka jana nikaona kitu kimeota shinani mwake. Kiua cha kahawia, kipana kama kifungo cha shati, kinapitisha mwanga. Nikakipiga picha, nikamwonyesha mke wangu. Wiki iliyofuata vilikuwa viwili, na minyiri ya upande ule ikawa haichanui. Nikachukua kisu nikakwangua. Baada ya wiki tatu nilihesabu kumi na kimoja.

Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilikigusa kwa kijiti cha mshikaki. Kikanywea tunduni mara moja. Kumbe si mmea, ni mnyama, Aiptasia, wa jamii ya anemoni. Kila kipande cha mguu wake kinachobaki jiweni huweza kuota kikawa mwingine, kwa hiyo kisu changu kilikuwa kimempandikiza.

Shemeji akashauri nilichemshe jiwe. Hapana! Jiwe lile lina Palythoa pia, mnyama wa jamii ya matumbawe mwenye sumu kali, na mvuke wa sumu yake unaweza kuwalaza watu wa nyumba nzima hospitali.

Nikaanza kukesha na tochi na kioo cha kukuzia, taa za tangi zikishazimwa. Kwenye vioo kulikuwa na vidude vyeupe vya milimita 2 vilivyojiviringa. Hao ni minyoo ya mirija, hawana neno, niliwaacha. Kilichonitia wasiwasi ni mirija migumu kama vipande vya tambi, iliyoshikamana na mifupa ya Euphyllia yenyewe. Nilidhani nayo ni ya minyoo, mpaka usiku mmoja nilipotia chakula cha unga. Mnyoo hutoa kishungi cha manyoya. Hawa walitoa nyuzi za kamasi, nyembamba kama za buibui, zikaelea na kutua juu ya minyiri, nayo ikasinyaa papo hapo. Baadaye wakazivuta ndani pamoja na chakula kilichonasa. Ni konokono, ila konokono asiyetembea, anayevua kwa wavu akiwa kwake.

Hao kazi yao ilikuwa fupi. Nilitoa tumbawe nje ya maji, nikavunja mirija kwa koleo, kila tundu nikaliziba kwa tone la supaglu nzito. Chakula cha unga nikakipunguza.

Aiptasia ndiye aliyenisumbua miezi minne. Nilinunua kamba wawili wenye mistari myekundu ambao husifiwa kwa kumla. Mmoja sikumwona tena, wa pili akawa mwizi wa chakula cha samaki. Nikageukia chokaa, ile safi ya unga inayotumika kwenye achari. Nilikoroga na maji kidogo mpaka ikawa kama uji mzito, nikaivuta kwa bomba la sindano, nikazima pampu, nikammiminia mdomoni taratibu bila kumgusa, maana akishtuka hujificha na chokaa inaishia juu ya jiwe. Watatu kwa siku, si zaidi, kwa sababu chokaa hupandisha pH, yaani kiwango cha alkali majini. Pampu niliwasha baada ya robo saa.

Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakohoa. "Chokaa ya tambuu!" Kisha akanikumbusha kwamba kwetu chokaa ya kujengea ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo tanurini.

Euphyllia sasa limechanua pande zote. Amebaki Aiptasia mmoja nyuma ya pampu, mahali ambapo sindano haifiki. Kila usiku nammulika, ananywea, nami nakwenda kulala.