Siku moja maishani mwangu: mchekechaji wa Panga ya Saidi

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Chai ya rangi, mahamri ya jana, leso kichwani, kisha bodaboda mpaka njia inapokatika. Saa moja na nusu tuko Panga ya Saidi, pango la pwani ya Kenya tunakochimba mabaki ya watu wa kale. Wenyeji wengine bado hutambika hapa, kwa hiyo tunaingia kwa adabu.

Wanaopigwa picha ni wale wa shimoni, wenye miko na brashi. Mimi ni mchekechaji. Nasimama juu, napokea ndoo za udongo zenye lebo ya shimo na tabaka ulikotoka, namwaga kwenye chekeche, natikisa, vumbi lote langu. Kinachobaki nakichambua: mifupa, makombe ya konokono, makaa na vijiwe. Kijiwe kilichochongwa na mtu hujulikana. Kina kipande bapa pale kilipopigwa, chini yake kivimbe laini kama paji la uso la mtoto mchanga, na ukingo mwembamba mpaka mwanga unapenya. Jiwe lililojipasukia tu kwa kawaida halina hayo.

Saa mbili mpaka saa nne ni ndoo, ndoo, ndoo.

Saa nne na nusu akaja mzee mmoja na fimbo yake.

"Mwanangu, hiyo dhahabu mnaipeleka wapi?"

"Shikamoo baba. Hakuna dhahabu."

"Marahaba. Wazungu wapande ndege waje kuchukua mawe?"

Nikamweleza kwamba humu watu wamekaa tangu miaka kama 78,000 iliyopita, Mreno hajulikani. Kwamba karibu miaka 67,000 iliyopita zana zinaanza kuwa ndogondogo, nyingi za mawe ya chembe ndogo sana yanayovunjika kama chupa. Akatikisa kichwa.

"Walikuwa wavuvi, basi."

Nikamwambia hapana. Bahari iko kilomita kama 15, lakini chakula chao kilitoka msituni na mbugani. Makombe ya pwani waliyafanya shanga.

"Mtu akae karibu na bahari asile samaki?" Hapo ndipo aliponiona mwongo kabisa. Ndoo tatu zikanisubiri huku akinihesabia aina za samaki, kuanzia changu mpaka tafi. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kijiwe kwenye sinia langu, akakifuta kwa suruali, akatia mfukoni. Ukumbusho, eti.

"Baba, kikitoka hapa hicho ni kokoto tu."

Ilibidi nimsimulie habari za yule mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa humu miaka 78,000 iliyopita, ambaye dunia ilitangaziwa 2021: kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu wa kisasa yanayojulikana Afrika. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Jinsi kichwa kilivyoinama ilionyesha kiliwekewa kitu laini ambacho kilioza zamani. Haya yote yalisomwa kwenye udongo kwa sababu mifupa iliyobaki ilikuwa bado mahali pake. "Angepita mtu akachukua mmoja wa ukumbusho, je?"

Akanyamaza. Akakitoa kijiwe, akakirudisha, kwenye sinia la mwenzangu. La tabaka jingine! Nikakihamisha nikimeza maneno. Akauliza kama tunapika.

Kuanzia hapo saa zilinipotea. Jua lilitua mabegani, mgongo ukagoma, nikahamia kwenye maji kuosha udongo mzito unaong'ang'ania wavu. Wakati fulani, baada ya wali na maharagwe, nikaona kiduara cheupe chenye tundu katikati: ushanga wa ganda la yai la mbuni. Nikapiga kelele, shimo zima likapanda juu, wakakizunguka. Dakika tano hivi nilikuwa bibi harusi. Halafu ndoo ikaja.

Jioni ni kuhakiki lebo moja moja, na hapo sina mchezo na mtu, hata mkubwa wetu. Mfuko usio na lebo ni heri usingechimbwa.

Nyumbani mama mkwe akauliza leo tumepata nini.

"Mawe, mama."

"Hata hapa uani yapo," akasema, akanisogezea ugali.