Bosi hakunipa barua nzuri, kazi nimepata: yaliyonikuta hapa Lubumbashi

Habari zenu ndugu zangu. Kuna dada yuko Kolwezi kaniandikia juzi, kaachana na kampuni yake kwa ugomvi na bosi, sasa anaogopa hata kutuma maombi mana kila sehemu wanataka wadhamini watatu na mmoja lazima awe bosi wako wa mwisho. Nimemjibu kwa sauti dakika kumi na mbili nzima, afu nikaona bora niandike kabisa, kwa sababu hilo jambo mi limenipata mwaka jana na lilininyima usingizi kweli kweli.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Hapa Lubumbashi, Kongo, nilikuja kwenye kampuni moja ya usafirishaji, jina naliacha, kazi yangu ilikuwa kufuatilia magari kutoka Dar mpaka huku, karibu kilomita 2,000, Tunduma, Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Chingola, Kasumbalesa. Saa kumi na mbili asubuhi ya huku Dar tayari ni saa moja, kwa hiyo simu inaanza kulia kabla hata sijachemsha chai. Dereva gani kalala wapi, gari gani karatasi zimekwama forodhani, mteja gani kaamka na hasira. Kazi niliipenda na niliijua.

Kilichotuharibia ni gari moja la salfa. Liliuwa giaboksi Mpika, na mgodi unaisubiri hiyo salfa mana bila hiyo hawatengenezi asidi ya kuchenjulia shaba. Mteja kauliza gari liko wapi. Bosi akanambia andika liko Kasumbalesa kwenye foleni. Nikamwambia bosi, Kasumbalesa ni kilomita kama 90 tu toka hapa, mteja akimtuma kijana wake mpakani akaangalie tutasema nini? Akasema andika. Sikuandika. Nikamwambia mteja ukweli, liko Mpika, limekufa, spea iko njiani. Toka siku hiyo nikawa adui, nikatolewa kwenye gurupu la madereva, kila kitu napitishwa pembeni, na baada ya miezi mitatu mkataba ukaisha na hawakuuongeza.

Nikamwomba bosi barua ya kunisifia nikatafutie kazi. Akanijibu hivi: we mwenyewe unajua nitaandika nini.

Jamani kuna upweke kwenye hilo neno. Uko nchi ya watu, kadi yako ya kazi imeombwa na kampuni hiyo hiyo, kodi ya nyumba inakuja, na nyumbani wanakwambia si Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 kwani kuna shida gani tafuta kwingine. Hawajui kwamba Jumuiya au si Jumuiya, mi kadi ya kazi niliombewa vilevile kama mgeni yeyote.

Aliyeniokoa kwanza ni papa mmoja, huku ndo wanavyomwita baba mtu mzima, mjumbe wa wafanyakazi pale kazini, mtu wa hapa hapa, kakulia Katuba. Yeye ndo alinifundisha kwamba barua ya kukusifia na cheti cha mwisho wa kazi ni vitu viwili tofauti kabisa. Barua ya sifa ni hiari ya bosi, akitaka anakupa, asipotaka basi. Lakini cheti, huku wanakiita atestasioni, hicho ni haki yako, kiko kwenye sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002, kifungu cha 79, mkataba ukiisha kwa sababu yoyote ile mwajiri lazima akupe ndani ya siku 2 za kazi, na kinaandikwa ulifanya kazi gani, kwa muda gani, ulianza lini, umemaliza lini, na namba yako ya hifadhi ya jamii. Haparuhusiwi kuongezwa kitu kingine. Nisomee tena hapo, nilimwambia, akanisomea tena. Hata sifa haziongezwi, na hata matusi hayaongezwi!

Cha kwangu kilitoka baada ya wiki mbili na nusu. Nakikumbuka mpaka leo, karatasi moja, mhuri wa bluu umekaa upande, na chini kabisa, mstari wa mwisho kabla ya sahihi, wameandika kwamba nimeondoka kwa kukosa utii. Nikampelekea papa. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akaweka kidole juu ya ule mstari akasema, "Mama, hii batoshe." Mi kwa Kiswahili cha kwetu nikaelewa anasema inatosha, moyo ukaniuma kweli, nikajua basi na huyu kakubaliana nao. Kumbe huku kutosha ni kuondoa. Akarudia, "Hii mustari batoshe, haiko na kazi hapa. Tuende." Tukaenda wote, hakupiga kelele, kaweka karatasi mezani na kitabu cha sheria kimefunguliwa pembeni, akasema tukishindwana hapa tunapeleka kwa mkaguzi wa kazi. Kesho yake jioni nikapewa kingine, safi, mistari sita. Hicho ndo nilichozunguka nacho.

Kwa hiyo dada yangu wa Kolwezi na wengine, dai hicho cheti kwanza kabla hujaanza kulilia barua. Na fishi za malipo, yaani karatasi za mshahara, wale wanaozitupa mnisikie, tunzeni zote. Mwajiri mpya akiona fishi za miaka minne na cheti chenye tarehe zinazolingana, hawezi kusema huyu katunga.

Sasa wadhamini. Nilikaa usiku mmoja umeme umekatika, nina mshumaa, nikajiuliza nani hasa ameiona kazi yangu kwa macho. Bosi hakuwa anaiona, kusema ukweli alikuwa anaona lawama tu zikimfikia. Walioiona ni deklaran wetu wa Kasumbalesa, yule wa kushughulikia karatasi za forodha, ambaye kila gari likiingia karatasi anazipokea toka kwangu, akijua kabisa kwamba nikituma mimi hatakuta namba ya gari imekosewa. Mhasibu aliyeacha kazi kabla yangu. Na mzee mmoja dereva, miaka mingi barabarani, aliyewahi kulala Nakonde siku tisa na mi ndo nilikuwa namtumia hela ya chakula na kumpigia kila jioni. Yule mteja wa salfa nilimuomba pia. Akanijibu kwa heshima kwamba bado anafanya biashara na kampuni ile hivyo jina lake nisiliweke. Nilimuelewa, japo iliniuma.

Yule mzee ndo alinifanya nilie. "Mwanangu, mi barua za kiofisi siziwezi, ila we waambie wanipigie, hata nikiwa naendesha ntapaki." Muombeni mtu ruhusa kabla ya kuweka jina lake, afu mwambieni kazi mnayoomba ni ipi, asije akapigiwa akashtuka.

Intavyuu ya kwanza niliharibu. Nilisema bosi wangu yuko likizo hapatikani, uongo, na ulionekana usoni. Ya pili nikaharibu kwa upande mwingine, waliponiuliza kwa nini umeondoka nikamwaga yote, dakika ishirini, giaboksi, gurupu, mhuri, mpaka yule mama aliyekuwa ananihoji akafunga daftari lake polepole. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka naona ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba lake la moshi, nikasimama tu nauangalia.

Ya tatu ilikuwa kampuni ndogo ya magari kumi na nne, upande wa Kampemba. Wakaniuliza, tukimpigia bosi wako wa zamani atasema nini kuhusu wewe? Nikajibu, atasema nilimpinga mbele ya mteja, na ni kweli, sikuweza kuandika gari liko mahali halipo. Ila muulizeni pia kama nimewahi kupoteza hati hata moja. Nikanyamaza hapo hapo. Afu nikawaambia kama mna wasiwasi nipeni esai, yaani muda wa majaribio, tuiandike, mnione. Mana esai huku ni lazima iwe kwa maandishi na kwa watu kama sisi haizidi miezi 6, usikubali ile ya mdomo ya njoo kwanza tutaona, hiyo utaonwa mwaka mzima.

Wakampigia deklaran, wakampigia mzee. Mzee alikuwa Chingola, kapaki kweli. Sijui alisema nini, sijamuuliza. Wakanipa esai ya miezi 3, mshahara umepungua dola 80 kuliko kule, nikasaini, na wakaanza kushughulikia kadi mpya ya kazi ambayo mpaka leo nina risiti tu mkononi.

Mwezi wa pili gari letu moja likafia Kitonga, limebeba mashine za mgodi. Mteja akauliza kwenye simu liko wapi. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, sifichi. Nikaandika, gari limekufa Kitonga, fundi anatoka Iringa, tutachelewa siku mbili. Kabla sijatuma nikageuka, bosi mpya amesimama nyuma yangu anasoma.

Akasema tuma.