Nilivyofufua boti ya mbao bila kujua hata kalafati ni nini

Mimi si mtu wa bahari kabisa. Nimezaliwa Morogoro, Unguja nilikuja kwa kazi ya kufunga umeme mahotelini, baharini nilikua naingia mwisho kiunoni narudi. Sasa pale Nungwi kulikua na boti imelala chini ya mkungu, mita sita hivi, nyuma imekatwa bapa ya kufungia mashine, mwenyewe keshanunua ya faiba na hii kaisahau miaka miwili juani. Nikamuuliza kwa utani bei gani, akasema laki sita uondoke nayo leo. Nikatoa. Utani ukaishia hapo.

Kazi ya kwanza nikaifanya kifundi umeme. Niliona nyufa kati ya mbao na mbao, zingine kidole kinaingia, nikaenda mjini nikanunua silikoni ile ya madirisha, tyubu 15, nikajaza kila mahali halafu juu nikapiga rangi ya bluu mara mbili. Ilipendeza aisee, nilipiga na picha. Tukasubiri bamvua la mwezi mpevu, yani yale maji makubwa kabisa, maana pale ilipo maji ya kawaida hayafiki, vijana nane wakaisukuma juu ya magogo mpaka ikaelea, watu wanapiga makofi. Haikufika robo saa maji yako magotini na silikoni inaelea vipande vipande kama tambi. Ikakaa chini. Maji yalipokupwa ikabaki pale mchangani na rangi yake nzuri na mimi pembeni.

Kuna mzee mmoja fundi wa mashua, wote wanamwita Babu, alikua anakunywa kahawa anaangalia tu. Nikamfuata, shikamoo Babu. Marahaba mjukuu wangu. Akaniambia, "Umeifunga mdomo na bado haijanywa maji." Sikumuelewa hata kidogo.

Ikavutwa tena juu na hapo ndo kazi ikaanza. Kuitoa silikoni tu ilinichukua wiki nzima na kisu. Halafu Babu akanipa bisibisi akasema choma kila mbao, ikizama hiyo imeoza usiihurumie. Zikapatikana mbao mbili za chini na mataruma matatu, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao. Mbao unanunua, lakini taruma hununui dukani, unatafuta tawi ambalo limejipinda lenyewe likiwa mtini, ukikata mti ulionyooka ukauchonga uwe na kona unapasuka palepale kwenye kona. Tulizunguka siku mbili na kipimo cha waya niliokunja mimi (umeme ukafaa hapo!) mpaka tukapata matawi matatu, Babu akayachonga kwa tezo bila haraka yoyote.

Misumari nayo nilileta ya kawaida, akairudisha, akataka ya galvanaizi maana ile ingine chumvi inaila. Na hupigi tu nyundo, unatoboa kwanza tundu kwa keekee, chini ya kichwa cha msumari unazungushia uzi wa pamba uliochovya mafuta ndo unapigilia, maji yasipite hapo.

Baada ya hapo tukaibabua, yani unawasha makuti makavu unapitisha moto chini ya tumbo la boti haraka haraka ili wale wadudu wanaotoboa mbao wafe na unyevu utoke. Roho ilikua mkononi. Kisha ndo kalafati: unasokota pamba nyembamba, unailowesha mafuta ya nazi, unaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu. Mimi nilikua nakandamiza kwa nguvu zote, Babu akanishika mkono, akasema acha nafasi, mbao itavimba, ukiijaza sana itasukuma misumari. Chini tukapaka deheni, ile chokaa na shahamu, na juu sifa, mafuta ya papa. Jina tu ndo sifa, harufu yake mke wangu alinilaza sebuleni siku tatu.

Bamvua lingine tukaishusha. Ikavuja tena! Nilitaka kulia. Nikashika kopo nianze kufua maji, yani kuyachota nje, Babu akasema iache. Iache vipi, inazama! Iache inywe. Tukaifunga kamba pale maji madogo, ikajaa mpaka ukingoni, ikakaa hivyo siku mbili na mimi silali. Siku ya tatu tukafua maji yote tukakaa ndani tunaangalia. Mbao zimevimba zimebanana na pamba, ile nyufa ya kidole huioni tena, panachuruzika sehemu moja tu karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini.

Mashine haina hadithi ndefu, nilipata ya mkononi hospawa 15, oili lita 1 kwa petroli lita 50, siku ya kwanza kile kitundu cha nyuma hakikojoi maji nikazima fasta, impela, ile inayovuta maji ya kupoza mashine, ilikua imeisha, nikabadili. Kila nikirudi naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi.

Sasa hivi natoka nayo mpaka upande wa kisiwa cha Tumbatu na kurudi, asubuhi nafua makopo manane hivi naondoka. Tyubu mbili za silikoni zilibaki, nimezibia sinki la jikoni, halivuji mpaka leo.