Wekundu Uliobaki Kwenye Makapi

Jana nilikuwa naunga migebuka kwa mawese, nyumba nzima ikanukia Kigoma, binti yangu akauliza: "Mama, chikichi zikishakamuliwa, huu wekundu unaisha?"

Hauishi. Niliuona Ujerumani, mwaka ule wa kwanza wa masomo. Makapi tuliyopewa maabara yalitoka Malaysia, lakini niliyatambua kwa harufu kabla sijasoma lebo. Ni yaleyale Bibi aliyokuwa akiyaanika Ujiji ili awashie moto.

Kabla ya kuyagusa, msimamizi wetu alitaka tuione kaboni dioksidi peke yake. Akaijaza nusu kwenye chombo kidogo cha chuma chenye dirisha la kioo kinene. Chini kimiminika, juu gesi, katikati mstari mwembamba uliotulia. Akapandisha joto taratibu. Nyuzi 29. Nyuzi 30. Mstari ukaanza kufifia, mara chombo kizima kikajaa ukungu mweupe, nikashika pumzi. Ukungu ukapita. Ndani kukawa angavu, na mstari haupo tena! Hakuna kilichochemka. Nyuzi 31 tu, joto dogo kuliko la mwili wa mtu, ila kanieneo, yaani mgandamizo, ni karibu mara 73 ya hewa ya kawaida. Hapo si gesi wala kimiminika: inapenya kwenye nyuzinyuzi kwa wepesi wa gesi, na mafuta inayayeyusha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tukasaga makapi, tukayashindilia, tukapitisha kaboni dioksidi kwa kanieneo kubwa zaidi. Upande wa pili, kanieneo liliposhushwa, ikarudi kuwa gesi ikaondoka zake, na kwenye chupa likadondoka tone zito, jekundu. Hakuna heksani, kile kimiminika cha kuyeyushia mafuta, ya kuchemshwa iondoke, na karotini, yaani rangi ile nyekundu, haikuunguzwa. Ni karotini hiyo ambayo mwili huigeuza vitamini A, ambayo mtoto akiikosa hushindwa kuona giza linapoingia. Ilikuwemo na vitamini E.

Nililia mbele ya watu. Miaka yote ile jikoni kwetu tulikuwa tukiichoma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makapi yalitoka chomboni makavu, yamepauka, na bado yangewaka vizuri. Bibi asingekosa moto wake. Lakini chuma kile kinene, pampu zile, umeme ule, nani angevifikisha Ujiji? Na vingefika, mafuta yale mekundu yangeliwa na watoto wa Ujiji, au yangepakiwa kwenda kuuzwa mbali?